Wiski ya Magoti

Mimi si mnywaji. Sijawahi kuwa, na kwa neema ya Mungu sitakuwa. Pombe naijua kwa pua tu, na kwa kufua nguo za wanaoinywa. Kwa hiyo nikisema kwamba nilikuja kujua tofauti ya wiski ya Uskoti na wiski ya Ayalandi, mtu asinitazame kwa jicho la pembeni. Niliijua kupitia suruali za baba mkwe wangu.

Baba mkwe alikuwa fundi lifti. Majengo marefu ya mjini yote amepanda na kushuka ndani yake, mengine kwa ngazi akiwa na mkoba wa spana begani, kwa sababu fundi lifti huitwa siku lifti imekufa. Mume wangu alikuwa kitinda mimba wake. Mume wangu alipofariki, ndugu walikaa sebuleni wakajadili nipelekwe wapi, kana kwamba mimi ni kabati lililosahaulika wakati wa kuhama. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mimi nataka nini, nikasema nataka kubaki, kisha akasema, "Mmemaliza? Basi, huyu hatoki hapa. Atakayetoka ni yule atakayeuliza tena." Tangu siku hiyo nakaa naye. Napika, nafua, namsomea Zaburi macho yake yakichoka. Naye hajawahi kuniuliza mbona siolewi, wala mbona nasali sana.

Mtoto wake mkubwa, shemeji yangu, ni mtu mwema mwenye sauti kubwa. Anauza vipuri vya magari, na anapenda wiski ya Uskoti. Kuinywa anaipenda, lakini kuieleza anapenda zaidi. Akishika glasi atakuambia imelala kwenye pipa gani, pipa hilo lilibeba nini kabla yake, na jinsi watu wa kule wanavyochoma udongo mweusi ili moshi wake ukaushe shayiri, ndiyo maana wiski inanukia vile. Wifi yangu, dada yake, mwenye saluni na ulimi, alimwita Bwana Mapipa, na jina likamkaa kama kofia aliyopimiwa.

Siku Baba alipostaafu, Bwana Mapipa alimletea chupa ya Uskoti ndani ya boksi lenye kitambaa laini. Akammiminia mbele ya wageni wote. Baba akaonja, akasema, "Mwanangu, hii sasa ndiyo wiski." Watu wakapiga makofi. Neno hilo moja la heshima likamfunga. Kuanzia hapo kila sikukuu ni chupa, akipona homa ni chupa, na kila inayokuja ina moshi mkali kuliko iliyotangulia, maana mtoto anataka kumpandisha baba yake daraja. Kabati la sebuleni likajaa. Wageni wakaambiwa, "Mzee wetu ni mtu wa Uskoti huyo. Usimletee kitu kingine, utajiaibisha."

Sasa nije kwenye suruali. Nilikuwa nafua, nikasikia moshi. Si wa sigara, Baba havuti. Ulikuwa moshi kama wa jiko la kuni lililomwagiwa dawa ya hospitali, nao ulikuwa magotini tu. Nikanusa kiunoni, hakuna. Nikanusa pindo, hakuna. Nikaishika ile suruali nikaenda nayo chumbani kwake.

"Baba, samahani. Ulikuwa umepiga magoti wapi?"

"Mimi? Humu ndani mpiga magoti si wewe?"

"Hii inanuka kama imeanikwa juu ya jiko. Na ile ya juzi vilevile."

Akatazama ukuta. Kisha akatazama mlango. "Ufunge huo kwanza."

Nikaufunga. Akapandisha suruali aliyovaa, taratibu, akanionyesha magoti yake yaliyovimba, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Harufu ikajaa chumba.

"Kwa kuchua, mwanangu, Mungu ambariki aliyeitengeneza," akasema. "Inaingia mpaka kwenye mfupa. Lakini kwa kunywa, hapana. Mimi kunywa jiko siwezi."

"Baba! Chupa za shemeji? Anazoagiza kwa meli?"

"Ndiyo maana nimekuambia ufunge mlango."

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni na suruali mkononi. Naye akacheka, ndipo akanisimulia. Zamani aliitwa kwenye hoteli moja, lifti imekwama katikati ya ghorofa, na ndani yake kuna mtu wa baa na kreti ya chupa. Baba akateremka kupitia paa la lifti ili amtulize, umeme nao ukakatika, wakabaki wawili. Yule mtu wa baa alikuwa anaogopa hata kupumua. Ili mikono yake iache kutetemeka, akafungua chupa mbili, moja ya Uskoti, moja ya Ayalandi, wakaonja kwa kifuniko cha chupa ya chai ya Baba.

"Ile ya Uskoti iliingia kama askari, kiatu kwanza," Baba akasema. "Ya Ayalandi ilibisha hodi. Ikasubiri. Ikavua viatu mlangoni, ikaja kukaa. Laini, mwanangu. Kama ganda la mkate wa moto, na mwisho kabisa, ukiwa umeshameza, utamu kidogo, kama mtu amekuita kwa jina halafu akanyamaza."

Baada ya hapo alikuwa akipita kwa yule mtu wa baa akipokea mshahara, glasi moja tu, anarudi nyumbani. Kisha mtu wa baa akahama, hoteli ikafungwa, Baba akastaafu, na moshi ukaanza. Ya Ayalandi hakuionja tena.

"Mwambie shemeji basi," nikasema. "Si mtoto wako?"

"Nimwambie nini? Yule analeta kitu anachokipenda yeye kuliko vyote. Angekuwa hanijali angeniletea soksi. Nimwambie moyo wako unanuka moshi?" Akashusha suruali. "Na wewe usimwambie. Niahidi."

Nikaahidi. Kwangu ahadi ni ahadi. Yeye akaendelea kujichua, mimi nikaendelea kufua, na mambo yangeishia hapo kwenye kicheko, kama si moyo wake.

Moyo ulianza kumchezea. Akipanda ngazi tatu anasimama kama aliyesahau kitu. Nikampeleka kwa daktari, binti mdogo mwenye sura ya upole na maneno yaliyonyooka. Akampima, akaandika dawa, akasema dawa hizi na pombe havikai nyumba moja.

"Kabisa?" Baba akauliza.

"Kabisa, mzee. Hata tone."

"Jumapili hii natimiza miaka themanini. Watoto wanakuja."

Daktari akamtazama, akanitazama na mimi. "Basi tutaanza dawa Jumatatu. Jumapili glasi moja, ndogo, ukishakula. Iwe ya kuagana."

Tulipotoka, Baba aliivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Kwenye kona ya duka la vitambaa akasimama kupumua. "Basi nitaagana nayo kwa moshi," akasema, akacheka.

Safari hii mimi sikucheka.

Jioni Bwana Mapipa akapiga simu, sauti yake ikajaza sebule nzima. Amepata chupa. Si chupa, ni mfalme. Imekaa kwenye pipa muda mrefu kuliko umri wa ndoa yake, na moshi wake, shemeji, ukiifungua jirani ataita zimamoto. Alikuwa amesikia habari za daktari. Kama ni glasi ya mwisho ya Baba, akasema, basi iwe glasi ya heshima. Nikamsikia anapenga kamasi, nikajua analia kwa chini. Nikasema, "Mungu akubariki, shemeji." Na nilimaanisha.

Nikaingia chumbani kwangu nikapiga magoti. Mtu anaweza kusema, kuna vita na njaa duniani, wewe unamsumbua Mungu kwa ajili ya wiski. Mimi sikuomba wiski. Niliomba nijue la kufanya na mzee aliyenipa nyumba, ambaye kila mtu anampenda na hakuna aliyemuuliza anataka nini. Kumwambia shemeji sikuweza, nimeahidi. Kuimwaga ile ya mfalme kwa siri nikaweka nyingine ndani ya chupa ileile, hilo lilinijia, siwezi kukana. Lakini huo ungekuwa uongo, na kabati lilikuwa limeshajaa uongo wa kutosha. Ikabaki njia moja, kuinunua ya Ayalandi mimi mwenyewe, mchana, na kuiweka mezani watu wote wakiona. Ndiyo iliyonitia aibu kuliko zote. Nikainuka nikijua nimejibiwa.

Jumamosi asubuhi nikavaa gauni langu la kawaida na kitambaa changu cha kichwani, nikachukua kikapu. Duka la pombe liko kati ya duka la dawa na fundi viatu. Miaka yote nimepita mbele yake nikitazama viatu.

Muuzaji alikuwa kijana mnene, anakula karanga. "Mama, duka la dawa ni mlango unaofuata."

"Kibao nimekisoma. Nataka wiski."

Karanga zikasimama. "Wiski. Ya... ya kupikia?"

"Ya kunywa. Ya Ayalandi, isiyo na moshi."

"Mama, hebu nikupe hii ya Uskoti, ndiyo inayotoka sana. Zawadi, siyo? Wazee wanaipenda hii."

"Huyu mzee haipendi."

"Wote wanaipenda."

"Kijana, umeshawahi kumfulia?"

Akapanda kwenye kiti, akashusha chupa ya kijani yenye vumbi, akaifuta kwa fulana yake. Nikamwomba anisomee maandishi ya nyuma, maana yalikuwa madogo na ya kigeni. Akasoma kwamba imechemshwa na kukusanywa mvuke wake mara tatu, ndiyo maana ni laini, na kwamba shayiri yake haikuguswa na moshi. Nikamwambia asome tena hapo pa moshi. Akasoma. Bei yake ilinitoa jasho, nikalipa. Akataka kuitia kwenye mfuko mweusi, na gazeti juu, na mfuko mwingine juu ya gazeti.

"Acha," nikasema. "Sikuiiba."

Nikaiweka kwenye kikapu katikati ya vitunguu, shingo yake nje. Na Shetani hana likizo, maana hatua chache tu nikakutana na katibu wa kikundi chetu cha akina mama kanisani. Mimi ndiye kiongozi wa maombi wa kikundi hicho. Macho yake yalianza kwenye kitambaa changu, yakashuka kwenye kikapu, yakagoma kupanda.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Wiski."

"Umeokota?"

"Nimenunua. Ya baba mkwe."

Akasogea karibu, akanong'ona kama tuko kwenye msiba. "Mama, watu wataongea. Unajua nitalazimika kulisema kwenye kikao."

"Liseme. Na kama watanitoa kwenye maombi, nitakaa kiti cha nyuma na kuomba kutokea huko. Mungu hasikii vibaya." Kisha nikamuuliza hali ya mtoto wake aliyekuwa anaumwa tumbo, kwa sababu nilitaka kujua kweli, tukaagana.

Jumapili tulitoka kanisani, nikapika. Wifi akaja na keki, Bwana Mapipa akaja na mfalme wake kwenye boksi la mbao, amelibeba kama mtoto mchanga. Baba alikuwa amevaa koti lake la suti na amenyoa ndevu. Tulikula vizuri. Walitaniana, Wifi akamwambia kaka yake tumbo lake nalo limekaa kwenye pipa miaka kumi na minane. Baba akacheka mpaka akashika kifua, sote tukainuka vitini, akatupungia mkono kwamba ni kicheko tu.

Sahani zilipoondoka, Bwana Mapipa akasimama na kufungua boksi. Hapo ndipo nilipoenda jikoni nikarudi na chupa ya kijani, nikaiweka mezani mbele ya Baba.

Baba aliitazama. Uso wake wote ulilegea, kama mtu aliyemwona rafiki kituoni baada ya miaka. Kisha akakumbuka mtoto wake yupo, akaukaza tena.

"Hii imetoka wapi?" Bwana Mapipa akauliza.

"Dukani."

"Nani kaileta?"

"Mimi."

Wifi akaweka kisu cha keki chini. "Wifi! Wewe? Kwa miguu yako?"

"Kwa miguu yangu."

"Jamani, dunia inaisha leo na nywele sijasuka."

Bwana Mapipa hakucheka. "Shemeji, nakuheshimu sana. Lakini hii ni ya Ayalandi. Hii ni ya watu wanaoanza, wasiojua. Leo ni siku ya Baba, glasi ya mwisho ya Baba, na wewe unaniletea hii? Wewe wiski unaijua?"

"Wiski siijui, shemeji. Baba namjua."

"Unasema mimi simjui baba yangu?"

Nilikuwa na jibu, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na ahadi ililikalia juu. "Muulize yeye," nikasema.

Wote wakamgeukia. Baba akanitazama mimi kwanza, kwa ukali ambao sijawahi kuuona kwake. Kisha akamtazama mtoto wake, mtu mzima mwenye mvi, amesimama na chupa kifuani, jasho linamtoka.

"Nimiminieni ya mwanangu," Baba akasema.

Bwana Mapipa akapumua. Akamimina. Moshi ukasambaa juu ya keki, ukaingia kwenye mapazia. Baba akanyoosha mkono kuichukua glasi, na mkono ule ulikuwa unakwenda polepole kama wa mtu anayemeza dawa chungu kwa sababu ameambiwa.

Sikupanga nililofanya. Niliweka kiganja changu juu ya glasi.

Mkwe kumzuilia baba mkwe glasi mezani kwake, mbele ya watoto wake! Wifi alivuta pumzi nikaisikia. Vidole vya Baba viligusa vyangu vikasimama.

"Toa mkono, mwanangu."

"Baba, ulipowaambia watu mimi sitoki hapa, uliniuliza nami nataka nini. Hakuna mwingine aliyeniuliza. Leo nakuuliza wewe. Ukisema kwa kinywa chako kwamba hii ndiyo unayoitaka, natoa mkono na naenda kuosha vyombo."

Akauondoa mkono wake kwenye glasi, akauweka pajani. Nilifikiri ananifukuza, na nikaamua kwamba hata hivyo mkono hauondoki.

"Hii," akasema mwishoni, bila kumtazama mtu, "ina moshi."

"Ndiyo uzuri wake, Baba!" Bwana Mapipa akasema.

"Kwako. Mimi, mwanangu, moshi nimeukimbia tangu nyumba ya mama yangu. Siupendi. Sijawahi kuupenda."

"Hujawahi?"

"Hata siku ya kwanza."

Bwana Mapipa akakaa. Akaligeukia kabati la sebuleni, lote, mlango kwa mlango. "Sasa hizo chupa... mbona huwa zinapungua?"

Baba akatazama ukuta. Wifi akamtazama Baba, akanitazama mimi, nami nikayatazama magoti ya Baba kabla sijajizuia.

"Usiniambie," Wifi akasema. "Baba, usiniambie unajichua!"

"Yanauma," Baba akasema.

Wifi aliangukia meza kwa kicheko. Lakini Bwana Mapipa alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamemwiva. "Ungeniambia tu," akasema. "Miaka yote hii nimekuwa mjinga mbele yako."

"Mjinga ni mimi," Baba akasema. "Ulifurahi sana siku ile. Nikajisemea, nitamwambia mwakani. Mwakani ukaleta kubwa zaidi." Akamshika mtoto wake shingoni kwa nyuma, kama anavyoshikwa mtoto anayevuka barabara. "Hakuna siku uliyokuja na chupa nikaacha kufurahi kwamba umekuja. Chupa ndiyo sikuitaka. Wewe nilikutaka."

Bwana Mapipa alikaa hivyo, hakujitoa. Kisha akapangusa uso kwa kitambaa cha meza, ambacho ni mimi nitakayekifua, akaivuta ile chupa ya kijani. Akaisoma nyuma. Akaifungua mwenyewe. Akainusa, akakunja pua.

"Haina kitu hii," akasema.

"Onja."

Akaonja. "Baba, haina kitu! Inapita tu. Iko wapi?"

"Ngoja, imeze. Sasa ngoja."

Akangoja. "Kautamu fulani."

"Ndiko hako."

"Ndiyo hiyo tu? Kwa hako umeniachia mapipa yangu yote?"

"Kwa hako."

"Basi baba yangu huna ladha," Bwana Mapipa akasema. Baba alicheka kwa sauti, na ilikuwa mara ya kwanza nawasikia wawili hao wakibishana juu ya wiski. Kabla ya hapo mmoja alikuwa anasema na mwingine anaitikia.

Nikachukua glasi ya moshi nikaisogeza kwa Bwana Mapipa, maana ni yake. Yeye akachukua glasi safi, akammiminia baba yake ya kijani, ndogo, kama daktari alivyosema. Akaipima kwa jicho, akaongeza tone, akanitazama. Nikatikisa kichwa. Akaacha hapohapo.

Baba aliishika kwa mikono miwili. Akainusa, akafumba macho, akanywa kidogo, akasubiri. Sisi nasi tukasubiri, hata Wifi alinyamaza, jambo ambalo huombewa. Kisha akanywa tena.

Bwana Mapipa hakuweza kuvumilia. Akainama kwenye sikio lake. "Inasemaje, Baba? Unasikia nini? Mkate? Asali? Mimi ningesema kuna na tofaa kidogo..."

"Nyamaza, Mapipa," Baba akasema, macho bado amefumba. "Nakunywa."